Siku 14 za pembea ya bibi: karakana ya Majengo inayopiga msasa kati ya koti na koti la vanishi

Jana baada ya Magharibi nilikaa kwenye pembea ya marehemu bibi yangu kwa mara ya kwanza tangu irudi nyumbani. Nikapitisha kiganja kwenye mkono wa kulia wa pembea, pale alipokuwa akiweka tasbihi yake, na kiganja kikateleza kutoka nyuma hadi mbele bila kukwama. Hakuna chembe, hakuna punje ya vumbi iliyogandia ndani, hakuna mfereji wa brashi. Mimi ni mshoni wa mabuibui na nguo za harusi hapa Kibokoni, mwaka wa 23 sasa, na mkono wangu huujua uzi uliovutika kwenye hariri kabla jicho halijauona. Mbao nazipima kwa mkono huohuo.

Kazi hii imefanywa na karakana ndogo ya Majengo, mlango wa mabati usio na kibao, mzee mmoja na kijana anayejifunza kwake. Mzee ameniomba nisimtaje jina wala nisielekeze watu kwake, kwa kuwa kazi alizo nazo zinamtosha hadi mwisho wa mwaka. Nimekubali. Lakini hakunikataza kueleza alichofanya, na hicho ndicho ninachotaka kila mwenye mlango, kabati, kasha au samadari hapa Mombasa akijue kabla hajatoa pesa zake.

Pembea yenyewe ni ya mvule. Ilikuwa nyumbani kabla mama yangu hajazaliwa, na umri wangu wote nimeiona ikining'inia kwa minyororo minne kwenye boriti za sebule. Mgongo wake una vijiti 14 vilivyokerezwa, na juu ya vijiti kuna ubao wa nakshi ya maua. Bibi alizungumza nasi hapo, alituchana nywele hapo, na siku zake za mwisho alilala hapo mchana kwa sababu ndipo palipopita upepo.

Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, nilimwita fundi mwingine aje kuipaka vanishi palepale nyumbani. Alifika saa mbili asubuhi, akaipangusa kwa kitambaa, akapaka. Saa sita akapaka tena. Baada ya Alasiri akapaka la tatu, na kabla ya Magharibi la nne. "Makoti manne, mama, itang'aa kama kioo." Na iling'aa kweli. Ramadhani nzima wageni waliisifu. Ilipofika Idd kubwa, mjukuu wa dada yangu alikaa hapo akichokonoa kwa ukucha kama watoto wafanyavyo, na akanyanyua ngozi nzima, pana kama kiganja changu, imeng'oka kama ganda la kitunguu. Chini yake ilibaki vanishi ya zamani, kama ilivyokuwa siku zote. Nililia, na siku hiyo sikuweza kueleza hata nalilia nini.

Ngozi ile niliitia kwenye bahasha. Nilipoelekezwa Majengo mwezi wa Juni mwaka huu, nilikwenda nayo.

Ami (ndivyo nilivyomwita tangu salamu ya kwanza, maana ni rika la ndugu zake baba) aliitoa kwenye bahasha, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza upande wa chini. Akanionyesha kwa kidole. Upande wa chini nao ulikuwa unang'aa, laini kama wa juu.

"Mwanangu, hii haikushika kitu. Ingeshika, ungeuona upande huu umejaa mikwaruzo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kwamba msasa wa katikati ya makoti si wa kulainisha tu. Vanishi ya mafuta, kama ile ya poliyurethini inayouzwa kwenye makopo madukani kwetu, hukauka kwa namna mbili: tapentaini iliyomo inaruka, kisha mafuta yenyewe yanavuta hewa na kugeuka kuwa kitu kigumu ambacho hakirudi nyuma. Ikishakuwa ngumu hivyo, koti jipya haliwezi kuiyeyusha na kuingiliana nayo. Litalala juu yake tu. Kwa hiyo lile la chini lazima likwaruzwe kidogo kila mahali, mikwaruzo midogo ambayo jicho haliihesabu, ili la juu lipate meno ya kushikia. Makoti manne ya fundi wa Rajabu yalishikana yenyewe kwa yenyewe kwa sababu yote yalikuwa mabichi. Ndiyo maana ngozi ilitoka nene, ya kipande kimoja. Lakini ile vanishi ya miaka na miaka iliyokuwa chini haikuguswa na msasa hata mara moja, na makoti yale manne yakawa yamewekwa juu ya kioo.

Nilimuuliza mbona seremala wa zamani waliopaka polishi ya shelaki hawakupiga msasa kwa bidii hivyo na kazi zao ziko hadi leo. Hakunijibu kwa maneno. Alichukua kitambaa, akakichovya kwenye spiriti, akakigusisha kwenye kigoda cha zamani kilichopakwa shelaki: baada ya muda kidogo pakaanza kunata chini ya kidole. Akagusisha kitambaa hichohicho kwenye ubao wenye vanishi ya mafuta: hakuna kilichotokea. Shelaki huyeyuka kwa spiriti hata ikiwa na umri gani, kwa hiyo kila koti jipya linayeyusha uso wa lile la chini na yote yanakuwa kitu kimoja. Laka na thina yake ni vivyo hivyo. Huko msasa ni wa kuondoa vumbi na kusawazisha. Kwenye vanishi ya mafuta, bila msasa hakuna kushikana.

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia, nikamwambia Ami kuwa majahazi yao yalipakwa sifa, yale mafuta ya papa, mwaka hadi mwaka na sikuwahi kusikia mtu akipiga msasa. Akacheka kwa furaha. "Sifa inazama ndani ya ubao, mwanangu. Vanishi inakaa juu."

Alinipa bei siku hiyohiyo: shilingi 16,000 za kazi, vifaa juu yangu, siku kumi. Fundi wa kwanza alinitoza 5,000. Nikakubali kwa sharti moja, kwamba niruhusiwe kukaa hapo nikitazama. Pembea ikaondoka Kibokoni kwa mkokoteni, imefunikwa shuka zangu mbili, kupitia Makadara na Mwembe Tayari hadi Majengo, na mimi nyuma yake kwa miguu. Kwa wiki mbili kila asubuhi nilibeba shanga za kutarizi na kuketi kwenye kigoda kilekile cha shelaki.

Siku mbili za kwanza zilikwenda kwenye kuondoa vanishi ya zamani. Sitaeleza sana, ni kazi ya kukwangua kwa bamba la chuma lililonolewa, kisha msasa namba 80, 120 na 180 (namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi), kila mara kufuata mishipa ya mbao. Kitu kimoja kilinishangaza. Bamba liligonga kitu kigumu ndani ya ubao wa kukalia na makali yakapinda. Ami akaniambia mvule una mawe ndani yake. Nilidhani ni usemi. Ni mawe kweli: mti wenyewe hujitengenezea vidonge vigumu vya chokaa ndani ya mbao, na maseremala wanavichukia.

Siku ya tatu aliipangusa pembea yote kwa kitambaa chenye thina. Kitambaa kikatoka na rangi ya chai. Mvule, kama msaji, una mafuta yake ya asili yanayochelewesha vanishi kukauka, kwa hiyo unapanguswa kwanza, na koti la kwanza linapakwa jepesi, limechanganywa na tapentaini, likanywewe na ubao. Likapakwa saa nne asubuhi. Saa hiyo aliichagua kwa makusudi: unyevu wa usiku umeshapungua, na karakana ilifagiliwa jana yake jioni ili vumbi lilale. Sakafu ilinyunyizwa maji. Nusu ya mlango ilifungwa, maana tuktuk zinazopita nje zinapandisha vumbi mchana kutwa.

Siku ya nne nilifika nikitarajia kuona msasa. Kopo liliandikwa saa sita za kukauka. Ami alibonyeza ukucha wake chini ya pembea, mahali pasipoonekana, akaunusa ubao, akatikisa kichwa. Ukucha ulikuwa umeacha alama na harufu bado ilikuwa kali. Tuko msimu wa upepo wa kusi, mvua zinapita na kurudi, hewa ya pwani imejaa maji, na maandishi ya kopo hayaijui Mombasa ya mwezi wa Juni. Tukangoja hadi kesho yake. Mimi nilimaliza mkono mmoja wa gauni.

Siku ya tano ndiyo siku ninayotaka kuieleza kwa utulivu, kwa sababu ndiyo niliyoilipia.

Ami alichukua karatasi ya msasa namba 220, akaikata vipande vinne, na kila kipande akakikunja mara mbili kikawa na pande tatu, ili uso wenye chenga usisuguane na uso mwingine wenye chenga ukajila wenyewe. Kwa ubao wa kukalia alikizungushia kwenye kibao kilichogandishwa soli ya kandambili. Soli ile ni laini kiasi cha kufuata mbao na ngumu kiasi cha kutozama kwenye mabonde. Mkono mtupu, alisema, hubonyeza pale penye vidole na kuacha mifereji. Kisha akaanza, kwa uzito mdogo sana, uzito wa mtu anayepangusa vumbi kwenye msahafu. Pasi moja, mbili, tatu, kwa kufuata mishipa, halafu akasimama na kuangalia msasa.

Kwenye msasa palikuwa na unga mweupe, mkavu kama poda ya mtoto. Akaniitia nione. Huo unga ndio ruhusa. Vanishi iliyokauka hutoa unga. Ambayo bado haijakauka hubingirika vijipande vya kunata vinavyoganda kwenye karatasi, na ukiendelea unang'oa koti ulilolipaka kwa taabu. Nikitoka kwenye kazi hii na jambo moja tu, ni hilo. Mteja yeyote anaweza kusimama mlangoni na kuangalia kama unga ni mweupe na mkavu.

Na sauti. Mwanzoni msasa ulikuwa unakwaruza, kwa sababu koti la kwanza hufanya vinyweleo vya mbao visimame na kugandia hivyohivyo. Baada ya pasi chache sauti ililainika, ikawa kama ya mkasi unaopita kwenye hariri bila kukwama. Ami alikuwa anasikiliza kuliko kuangalia. Sauti ilipobadilika, aliacha.

Kisha akawasha kurunzi ya simu, akailaza karibu kabisa na ubao ili mwanga upite ubavuni. Palipopata msasa pamefifia, kama kioo ulichokihemea. Palipokosa pametoa madoa yanayong'aa. Madoa ni mabonde, msasa haujafika huko. Kwenye koti la kwanza hakuyafukuza, kwa sababu ukitaka kuyamaliza yote mapema utalitoboa koti hadi kwenye ubao. Koti la pili na la tatu yatayajaza. Nilipenda subira hiyo. Nami nikiona kitambaa kimevuta pindoni sikipigi pasi kikaungua. Hunyooka chenyewe nikikiacha kikining'inia usiku mmoja.

Kwenye vijiti 14 vya mgongo alitumia ukanda mwembamba wa msasa wenye kitambaa nyuma, akiuvuta huku na huku kama mpiga viatu rangi. Kwenye nakshi alitumia kipande kikuukuu cha msasa kilichokwisha makali, kwa ncha za vidole. Hapo ndipo aliponisimulia kuhusu jani. Msasa ni mti, na jani lake lina ukali wa kukwaruza. Mwalimu wake alisugulia nakshi kwa majani hayo makavu, na karatasi zilipokuja zikarithi jina la mti. Nimelitamka neno hilo maisha yangu yote na sikujua kuwa lina majani.

Baada ya msasa, unga wote ulipanguswa kwa brashi laini, kisha kwa kitambaa cha pamba chenye tapentaini kidogo, ukakauka, ndipo koti la pili likapakwa. Vitambaa vyenye vanishi na mafuta alivitia kwenye ndoo ya maji. Vikikunjwa na kuachwa pembeni vinaweza kupata joto vyenyewe hadi kuwaka moto, na karakana iliyojaa takataka za randa haihitaji zaidi ya hapo.

Sasa lililoharibika. Siku ya saba kijana aliachiwa mkono wa kushoto, akatakiwa kupiga namba 320. Akaokota karatasi isiyo yake, namba 120 iliyobaki siku ya pili, na kabla Ami hajageuka alikuwa amekata hadi kwenye mbao pale ukingoni, na juu ya mkono pamejaa mikwaruzo mirefu. Vanishi haina rangi ya kuficha kitu. Mkwaruzo ulio chini yake utauona siku zote kama ufa ndani ya kioo. Na kingo ndipo panapotoboka kwanza, kwa kuwa vanishi hukimbia pembeni ikabaki nyembamba. Nilikasirika, sikuficha. Ami hakumpigia kelele kijana. Alimwambia, "Geuza karatasi usome nyuma yake kila unapoiokota, hata kama umeiweka chini wewe mwenyewe," kisha akakaa naye wakarudisha mkono wote kwa 180 na 220 na kupaka upya. Siku mbili zikapotea. Hakuniongezea bei kwa ajili yake, na vanishi ya kurudia aliitoa kwenye kopo lake.

Koti la tatu lilipakwa siku ya tisa. Siku ya 11 likapigwa namba 400, na safari hii alitaka uso wote ufifie bila doa hata moja, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa la kubeba koti la mwisho. Makoti matatu ya chini yalikuwa ya vanishi inayong'aa, na la nne pekee likawa la mng'ao wa wastani niliouomba. Ile ya mng'ao wa wastani ina unga wa kuzima mng'ao ndani yake, lazima ikorogwe kwanza, na ukiipaka makoti yote inaweka ukungu juu ya mishipa ya mbao. Koti la mwisho halipigwi msasa. Siku ya 14 alilisugua kidogo kwa kipande cha karatasi ya kaki ya mfuko wa unga, basi, vumbi dogo lililotua likaondoka.

Kuhusu misasa yenyewe, kwa kuwa niliinunua mimi. Siku ya kwanza nililetewa na duka moja karatasi za bei ndogo, shilingi 40 kila moja, za rangi ya kahawia. Chenga zake ziliachia baada ya dakika chache na kubaki juu ya mbao, na unga wa vanishi ulizijaza zikawa laini kama karatasi ya daftari. Zilizofanya kazi ni mbili: zile nyeusi ambazo mafundi huziita msasa wa maji, na zile za kijivu zilizopakwa kitu cheupe kama chaki kinachozuia unga kugandia. Hizi zilinigharimu shilingi 90 hadi 110 na karatasi moja ilifanya kazi ya tatu za kahawia. Ami anazihifadhi kwenye debe la biskuti lenye konzi ya mchele chini. Hewa yetu hulegeza karatasi, na msasa uliolegea humwaga chenga. Tangu nilipoona hilo nimeweka sindano zangu namna hiyohiyo.

Vifaa vyote pamoja, vanishi, tapentaini, thina na misasa, vilifika shilingi 5,700. Jumla 21,700. Ni pesa nyingi kwa mshoni, na nilizilipa kwa mafungu matatu ambayo Ami aliyakubali bila kunung'unika.

Nampa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoizuia nataka nieleze. Upande wa chini wa ubao wa kukalia ulipigwa msasa mara moja tu, baada ya koti la kwanza, na ukapata makoti mawili badala ya manne. Ukiupapasa utakuta chembe. Ami alisema hakuna anayekaa chini ya pembea, nami nikamwambia kuwa watoto wote wa ukoo wetu wamekaa chini ya pembea hiyo, tena ndipo walipojificha wakiitwa chuoni, yaani madrasa. Alinyamaza kidogo, akasema niirudishe kusi ikiisha, ataumaliza bure. Pili, vumbi. Vumbi la mvule linawasha; mimi mikono ilinitoka vipele na kijana alikuwa akifanya kazi na kitambaa tu puani. Siku ya tatu niliwanunulia barakoa za vumbi na wakazivaa, lakini haikuwa kazi ya mteja kuzinunua. Tena unga mweupe uliruka hadi kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, na mama mwenye nguo alikuwa na haki kabisa ya kuja kulalamika. Kuhusu siku 14 badala ya kumi, siku mbili ni za kosa la kijana na mbili ni za hewa. Hizo za hewa simdai mtu. Fundi wa kwanza hakungoja hewa na nimeshasema kilichonipata.

Mtu akiniuliza atambue vipi karakana ya namna hii bila kutajiwa jina, mimi ningemwambia aulize swali moja kabla ya kuuliza bei: baada ya koti la kwanza, utarudi na msasa namba ngapi, na baada ya saa ngapi? Anayejibu kwa namba mara moja lakini kwa saa akasema "inategemea na mvua", huyo mpe kazi. Kisha aombe kuja siku ya pili ya kupaka, siku ya msasa, asije siku ya kumaliza. Siku ya kumaliza kila kitu kinang'aa.

Niliambiwa nisiweke mito wiki mbili, kwa sababu vanishi huendelea kukomaa ndani hata uso ukiwa mkavu, na kitambaa kikilaliwa mapema kinaacha chapa yake. Nimetii, nimehesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Jana zilitimia. Mjukuu wa dada yangu alikuja pia, akakaa pembeni yangu, akajaribu ukucha wake palepale pa mwaka jana. Akakwangua, akakwangua, hakunyanyuka kitu. Akaacha, akaegemea mgongo, akaniambia, "Bibi, isukume."

Kasha la mama lenye njumu litakwenda Majengo mwezi wa Oktoba, pamoja na pembea kwa ajili ya ule upande wa chini. Misasa nimeshanunua: kumi za 220, sita za 320, nne za 400. Ziko kwenye debe, juu ya mchele.